Punje za Kahawa Chini ya Dirisha la Mkamwana

Sogea karibu, mjukuu wangu, weka chini hiyo simu nikutegee kitendawili kimoja. Nina mzigo niliotwishwa na watu wanaonipenda. Nikiubeba, wanapiga makofi. Nikianza kuutua, wanalia. Ni nini?

Umesema mkungu wa ndizi? Hapana. Mtoto mgongoni? Umekaribia, lakini hapana. Nipe mji basi. Mwanza siutaki, ni mbali kwa miguu yangu. Nipe Biharamulo. Haya, nimefika, nimekula, nimeshiba, jibu hili hapa: ni mwili wangu mwenyewe.

Kwa wale waliokosa gazeti la juma lililopita, niwashike mkono upesi. Mimi ni Gaudiosa, mjane wa Kashozi. Kliniki kule Bukoba waliniambia sukari imenipanda na nyayo zimeanza kufa ganzi. Punguza mwili, wakasema. Punguza ndizi, acha lubisi, pombe yetu ya ndizi, chai inywe bila sukari, tembea kila siku. Dada yangu Celina aliambiwa hayohayo, akacheka. Leo Celina ana mguu mmoja na magongo mawili. Mimi nikaapa kwamba miguu yangu siachii mtu.

Nikatembea. Lakini kwetu mtu mzima hatembei bure. Kila unayekutana naye anakusalimu na kukuuliza uendako, na ukimjibu kwamba unatembea tu, anaenda kuwaambia watoto wako kwamba umechanganyikiwa. Kwa hiyo nikawa natoka na jembe begani. Nikiulizwa, naenda kupalilia. Ningepalilia kweli, nusu ya vibanja vya Kashozi, mashamba yetu ya migomba, visingekuwa na gugu.

Nikakonda. Hapo ndipo balaa lilipoingia, maana sisi wa Kagera tuna kumbukumbu mbaya na kukonda. Tumezika wengi waliokonda miaka ile ya Ukimwi. Kanisani wakaanza kunisalimia kwa sauti ya msibani. Jirani yangu Ma Klaudia akaniletea kuku, akaanza kulia kabla hajamtua. Mwisho mwanangu Dastan akaja na gari, akanipakia, akanileta kwake Muleba. "Upumzike kidogo, Mama."

Nyumba ya Dastan ina geti la chuma. Ufunguo unakaa mfukoni mwa Dastan.

Siku ya pili tu nikamfuata.

"Dastan, mwanangu, nifungulie nitoke ninyooshe miguu."

"Uende wapi, Mama?"

"Hadi sokoni nirudi."

"Sokoni kuna nini tusichokuletea? Na hayo mabasi yanavyopita hapo, kama yanafukuzwa! Pumzika."

"Nimeshapumzika. Narudi lini Kashozi?"

Akaangalia simu yake. Haikuwa imelia, lakini aliipokea. "Haloo? Haloo?" Akatokea mlango wa nyuma nayo sikioni.

Mchana tukaketi kula. Mkamwana wangu Annastella, binti wa Kamachumu, ana mkono mtamu jikoni na mkono mpana wa kupakua. Alinitengea kilima cha ndizi na nyama, kimepakwa karanga, mafuta yanateremka pembeni.

"Mwanangu, nipunguzie. Nusu ya hapo."

"Mama, hicho ni cha mtoto!"

"Nina sukari, Annastella."

"Wenye sukari tunawajua, Mama. Mjomba wangu alikuwa nayo, alikuwa anaingia mlangoni kwa ubavu. Wewe sketi yenyewe inakuzunguka."

"Nimekonda kwa makusudi."

Dastan akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama Dastan.

"Hata wale wa zamani, Mama," Dastan akasema taratibu, kama anayezungumza na mtoto mwenye homa, "walikuwa wanasema ni malaria."

Nikadokoa pembeni, nyama kidogo na ndizi mbili, nikaisogeza sahani. Annastella akaitazama ile sahani, kisha akanitazama mimi. Sikulielewa lile jicho. Ningelielewa siku ile, tungeokoa mengi.

Jioni akanipigia Zabibu wa Rwamishenye. Huyu ni mwenzangu wa foleni ya kliniki, mama wa Kiislamu wa mjini, mwenye sukari kama yangu na mdomo wa kunishinda mara mbili.

"We Gaudi! Unatembea au umejilaza?"

"Nimefungiwa, Zabibu. Kuna geti."

"Geti limefunga barabara, na miguu limeifunga? Hiyo nyumba ina pembe ngapi?"

"Nne, kama nyumba nyingine."

"Izunguke! Mimi mvua ikinyesha nazunguka meza ya sebuleni. Zahoro anauliza, mke wangu umepagawa? Namwambia kaa hapo hapo, baba, usinikatie njia."

"Na chakula je? Wananijazia sahani, nikikataa wananuna."

"Sikiliza. Juzi harusini nimekula pilau mpaka nikajionea haya. Kesho yake nikapima, ile mashine ikanisema vibaya. Nikalia kidogo, nikafunga kanga, nikatembea. Ungekuwa unangoja siku usiyokosea ndiyo uanze, si ungekuwa umeacha tangu Pasaka? Inuka, bibi wewe!"

Nikainuka.

Kila alfajiri, wenyewe wakiwa bado wamelala, nikawa naizunguka nyumba. Nasali huku natembea, na ukisali huwezi tena kuhesabu mizunguko. Sasa, kwetu mgeni akiingia hupewa akamwani, kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na kukaushwa. Nilikuja na kifuko changu kutoka Kashozi. Basi kila nikimaliza mzunguko naweka punje moja kwenye pembe ya nyumba, palipo na saruji. Nikichoka naziokota, naziangalia zilivyojaa kiganjani, nafurahi, narudi kulala.

Siku moja mvua ilinikuta katikati ya mzunguko. Nikakimbilia ndani, punje nikaziacha. Na pembe ile, wajukuu zangu, ilikuwa chini ya dirisha la chumba chao cha kulala.

Asubuhi Annastella akaingia sebuleni amebeba jani la mgomba. Alilishika kwa ncha za vidole kama limebeba nyoka. Juu yake zile punje.

"Mama, hizi ni za nani?"

"Zangu, mwanangu. Zimelowa? Basi zimeshaharibika."

"Za kwake!" Akageuka. "Dastan, umesikia kwa masikio yako. Amesema ni za kwake."

"Kwani kuna nini?" nikauliza.

"Kuna nini? Mama, nimekuona. Jana nimekuona na juzi nimekuona. Umejifunga kanga kiunoni, unazunguka nyumba yangu, midomo inacheza, ukifika chini ya dirisha langu unainama!"

"Nilikuwa nasali rozari."

"Rozari ya kuzunguka nyumba ya watu hakujapambazuka?"

"Ni mazoezi, jamani waitu! Nafanya mazoezi!"

"Mazoezi ya kahawa?"

Ukiyasikia hivyo, ni kweli hayana kichwa wala miguu. Nilijisikia mwenyewe nikiyasema, nikajiona mchawi.

Annastella akaketi chini sakafuni. Alipozungumza tena hakupiga kelele, na hiyo ilinitisha zaidi.

"Tangu aje hali chakula changu. Anakigeuzageuza kama anatafuta kitu ndani yake, halafu anasukuma sahani. Nikajiuliza nimemkosea nini Mama. Leo nimejua. Anaona namtilia kitu, na hizi punje ndizo jibu lake."

Hapo ndipo nilipolielewa lile jicho la siku ile ya pili. Kwetu ukiacha chakula cha aliyekupikia, humwambii kwamba umeshiba. Unamwambia kwamba unauogopa mkono wake. Nami nilikuwa nimemwambia hivyo mwanamke wa watu mchana na jioni, mbele ya mume wake, huku nikidhani nalinda miguu yangu.

"Annastella, mwanangu, siyo hivyo."

"Ni vipi basi?"

"Ni sukari."

"Sukari, sukari! Sukari ndiyo inapanga kahawa chini ya dirisha?"

Mchana akaleta chakula. Ndizi, nyama, karanga, kilima kilekile. Hakunitengea mara moja. Alichukua kijiko, akamega upande wangu wa sahani, akala, akameza, akanikazia macho ili nione kwamba amemeza. Kisha akamega upande wa pili. Mwenye lubisi huonja kwanza mbele ya mgeni, hilo ni jambo la adabu na hakuna anayeumia. Lakini mke wa mwanao kukuonjea ndizi nyumbani kwake, machozi yanadondokea kwenye mchuzi, hilo ni kofi. Na ni mimi niliyempiga.

"Zimeonjwa, Mama," akasema. "Kula."

"Dastan," nikamgeukia mwanangu, "ukumbuke mguu wa shangazi... wa mama yako mkubwa Celina." Hata maneno yalinichanganyikia.

"Mama, kula." Dastan alikuwa amesimama. "Kula, au uniambie hapa mbele yake kwamba mke wangu ni mchawi, nijue la kufanya."

Nikatazama mlangoni. Begi la Annastella lilikuwa limeshafungwa, limeegemezwa ukutani.

Niambieni nyinyi mngefanya nini. Nikiila ile sahani, naila miguu yangu. Nisipoila, ndoa ya mwanangu inatoka na lile begi, inapanda basi la Kamachumu.

Nikala. Nikala yote, nikafuta mafuta kwa kidole. "Niongezee, mwanangu."

Annastella akalala na begi lake likiwa bado mlangoni. Kesho yake nikala tena, likasogea hadi ukumbini. Keshokutwa nikanywa na chai ya maziwa yenye sukari, vijiko vitatu, begi likarudi chumbani.

Sasa hapa naungama, na msinicheke. Mwanzoni nilikula kwa ajili ya ndoa ya mwanangu. Lakini ilipofika siku ile aliyoleta senene, wale panzi wetu, wamekaangwa wakakauka, wanalia mdomoni kama vijiti, wajukuu zangu, ndoa sikuikumbuka. Nilikula kwa sababu ni watamu. Nikaomba ndizi za kuwasindikizia. Nikalamba chumvi kiganjani. Mwanamke niliyekuwa Kashozi na jembe begani sikumwona popote.

Zabibu akapiga. "Unatembea?"

"Natembea."

"Muongo. Nasikia unatafuna."

Nikakata simu. Sijawahi kumkatia Zabibu simu.

Mwili haukukawia kunijibu. Koo likakauka kama nimelamba majivu. Naenda msalani, narudi, sijakaa vizuri, naenda tena. Macho yakaanza kuweka ukungu. Nyayo zikawa kama si zangu, kama nimevaa soksi nene ambazo hazivuliki. Nikamsubiri Dastan arudi kazini.

"Mwanangu, nipeleke kliniki Bukoba. Na baada ya kliniki uniache kwangu. Narudi lini Kashozi?"

"Mama, mbona unachangamka vizuri tu! Uso umejaa, hata mashavu yamerudi. Kula upate nguvu."

"Nimekuuliza lini."

"Annastella! Mletee Mama maji." Akaenda kuoga.

Kila mtu pale nyumbani alikuwa anafurahi ninavyoharibika. Jirani akapita kunisalimu, akasema, "Mama Dastan umependeza!" Nikasema asante. Hiyo ndiyo jela yangu, wajukuu zangu. Ile ya geti ningeizoea. Jela ni kuuawa na watu wanaokupangusa jasho, kila ukipiga kelele wanakuongezea mchuzi.

Lakini nikayakumbuka maneno ya Zabibu ya kulia kidogo na kufunga kanga. Nje siwezi tena kuzunguka, basi nikaanza kutembea chumbani kwangu. Kitandani hadi mlangoni, mlangoni hadi kitandani, pekupeku, wasinisikie. Siku ya kwanza nilichoka upesi mpaka nikaona haya. Siku ya pili sikuona haya. Kwenye chakula nikatafuta ujanja: nikaamua niingie jikoni mwenyewe, nimenye na kupika pamoja na Annastella. Mpishi hudokoa, mpishi hushiba jikoni, na hakuna anayemuuliza.

"Nipe kisu nikusaidie kumenya," nikamwambia.

Alisita. Akanipa.

Tukamenya. Kisha akaniuliza kama Dastan alikuwa mtundu utotoni, nikamsimulia alivyopanda mti wa kahawa wa jirani akakwama na kaptura, akacheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu zile punje. Moyo ukanitua. Nikasimama karibu na jiko la mkaa kuzitupia ndizi sufuriani.

"Annastella, mbona kuna kitu kinaungua? Nyama hiyo?"

"Nyama bado haijaiva, Mama. Labda ni maganda."

"Si maganda. Ni kama ngozi ya mbuzi."

Akanusa. Akatazama jiko, akatazama chini. Kisu kikamtoka mkononi.

"Mama! Mguu! Ondoa mguu!"

Nikatazama. Kaa la moto lilikuwa limeanguka kutoka kwenye jiko, nami nilikuwa nimelikanyaga kwa unyayo mtupu, nimesimama juu yake kama niliyesimama juu ya mkeka. Moshi ulikuwa unatoka kwenye nyama yangu mwenyewe. Na sikusikia kitu.

Annastella akanivuta, akanikalisha kwenye kigoda, akanimwagia maji, akaukumbatia mguu wangu kifuani.

"Hukusikia, Mama?"

"Sikusikia."

"Hata kidogo?"

"Hata sasa sisikii mikono yako."

Akabonyeza. Akabonyeza tena kwa nguvu. Akaniangalia usoni akisubiri niukunje, nami sikuukunja.

"Huu ndio ugonjwa wenyewe, mwanangu," nikasema. "Hakuna mwingine uliojificha nyuma yake. Ni huu."

Akaanza kulia. "Na mimi nakutilia vijiko vitatu kwenye chai!"

"Na mimi nakunywa."

"Mbona ulikunywa, Mama? Kwa nini ulikula?"

"Begi lako lilikuwa mlangoni."

Akaficha uso kwenye kanga yake. Kisha sauti ikatoka ndani ya kanga: "Na zile punje?"

"Nilikuwa nahesabu mizunguko."

"Si ungeniambia!"

"Ningekuambia kwamba bibi kizee anahesabu mizunguko ya nyumba kwa akamwani, ungeniamini?"

Akafikiri. "Hapana."

Tukacheka, yeye na kamasi zake, mimi na mguu wangu uliobabuka. Akaenda akaleta kitambaa safi, akapiga magoti, akaanza kuufunga. Niliona jeraha lenyewe. Pana, katikati ya unyayo, palepale lilipoanzia la Celina. Kutembea tena sasa hivi, hakuna. Hata kitandani hadi mlangoni, hakuna. Yale yote ya jembe na alfajiri na punje, kaa moja limeyafuta.

"Annastella, huu mguu unataka kliniki leo. Si kesho. Halafu unataka nyumbani, kwenye sahani yangu na kikombe changu, niuguze taratibu, ukipona nianze upya. Nikikaa hapa wataukata."

"Ndiyo, Mama."

"Basi wewe niambie. Huna simu mkononi ya kupokea. Narudi lini Kashozi?"

Mikono yake ikasimama. Alilifungua fundo alilokuwa amelifunga, akalifunga upya, akalifungua tena.

"Dastan amekukataza kuniambia?"

"Mama, usinilazimishe."

"Nimekula sahani zako zote bila kubakiza. Sasa nijibu."

Nje gari likasimama, geti likaanza kufunguliwa. Annastella akatazama mlangoni, akaniinamia mpaka pumzi yake ikanigusa shavu.

"Ukoo ulikaa Jumamosi kwenye kibanja chako. Wamekata migomba kando ya kaburi la Baba, wamepasafisha pawe pako, mawe yameshaletwa. Wanasema hata hayo mashavu ni nafuu ya mwisho, ni suala la wiki chache tu." Akavuta fundo la mwisho likakaza. "Utarudi siku hiyo, Mama. Si kabla."